Mrushaji Bora ni Yupi?

Wakiulizwa mashabiki wa kriketi jijini Nairobi, kuanzia Gymkhana upande wa Ngara hadi Jaffery kule Lavington, ni nani aliyerusha mpira vyema zaidi katika Kombe la Dunia la mwaka 2003 kati ya Collins Obuya na Aasif Karim, hawataafikiana. Mwalimu wa hisabati aliyechoshwa na mifano ya maembe na machungwa na auchukue ubishi huu darasani.

Tarehe 24 Februari, papo hapo Gymkhana, Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka, Jayawardene na Sangakkara wakiwamo, kwa mbio 24 katika ova 10. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Karim aliwatoa Waaustralia watatu kwa mbio 7 tu katika ova 8 na mipira 2.

Ukigawa mbio kwa wiketi, Obuya ana 4.8, Karim 2.33. Ukigawa mbio kwa ova, Obuya ana 2.4, Karim 0.84. Karim anaongoza kote kuwili. Lakini kipimo cha tatu, cha mipira iliyorushwa kwa kila wiketi, chapindua mambo: Obuya alihitaji 12, Karim karibu 17.

Mwanaisimu hana budi kulishuku neno lenyewe, "bora". Bora kwa lipi? Anayetaka kuwang'oa wapigaji atamtaka Obuya. Anayetaka kuwabana atamwita Karim. Wapo watakaodai kwamba Kenya ilishinda Nairobi na kushindwa Durban, basi kesi imekwisha. La hasha! Mechi huchezwa na watu 11, na siku ile ya Durban Kenya ilikuwa imefunga mbio 174 pekee dhidi ya mabingwa wa dunia.

Binafsi napendelea kumpima mrushaji kwa wenzake wa siku hiyo hiyo. Australia walifunga 178 katika ova 31 na mipira 2. Ondoa za Karim, zabaki mbio 171 katika ova 23, yaani zaidi ya 7 kwa kila ova, ilhali yeye hakutoa hata moja.

Nasisitiza haya kwa kuwa timu za shule huteuliwa kwa wastani mmoja uliobandikwa ukutani. Msichana aliyepewa ova za mwanzo, dhidi ya wapigaji hodari, huachwa nje. Aliyewarushia wapigaji wa mwisho waliokwisha choka huvaa jezi. Mwalimu wa michezo angeandika pia, kando ya kila jina, ova zilirushwa lini na dhidi ya nani. Safu mbili zaidi daftarini zatosha.