Kuchagua Kompyuta ya Kutunza Daftari la Ofisi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari la chama cha ushirika laweza kuwekwa ndani ya kompyuta moja, nayo ikawatumikia makarani watatu au wanne kwa wakati mmoja. Daftari hilo huitwa kanzidata, na kompyuta inayolitunza huitwa seva. Wengi wetu twasoma kwa jasho la wazazi wanaouza viazi, ngano na pareto. Kwa hiyo napenda kueleza jinsi ofisi ndogo ya huku Ipelele iwezavyo kuchagua mashine yake.

Kwanza, yatupasa kujua kazi kabla ya kuuliza bei. Nchi yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Baadaye hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine zilivurugika, na wenyeji waliojua kuziendesha walikuwa wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, lakini funzo lake lingalipo.

Basi tupige hesabu. Tuseme makarani huandika mistari 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni mistari 600,000. Kila mstari ukichukua baiti 500, jumla ni megabaiti 300 tu. Hata tukizidisha mara kumi kwa ajili ya faharasa na mengineyo, ni gigabaiti 3. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 hadi 16 yatosha, wala hapana haja ya prosesa ya bei kubwa. Fedha inayobaki itumike kulinda maandishi.

Ulinzi huo huanzia kwenye diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kila inapotafuta neno hungoja sahani izunguke hadi mahali pake. Diski ya kisasa, iitwayo SSD, haina sahani, hivyo hujibu upesi zaidi. Lakini hapa pana hatari. Kanzidata njema haimwambii karani "tayari" mpaka maandishi yamefika diskini. Diski nyingine hujibu kwamba yamefika, kumbe yangali katika kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika wakati huo, mkulima atakuwa na stakabadhi mkononi, na daftarini mzigo wake haumo. Kwa hiyo yafaa kununua diski yenye akiba ndogo ya umeme ndani yake, ya kumalizia kuandika. Tena ziwe mbili, zikiandika jambo lile lile, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Pili ni betri ya akiba, yaani UPS. Betri ya volti 12 na ampea-saa 9 ina wati-saa 108. Mashine inayotumia wati 100 ingekaa saa moja kwa hesabu ya darasani. Lakini umeme mwingine hupotea njiani na betri huchakaa, basi tusitegemee zaidi ya nusu saa. Muda huo ni wa kuizima seva kwa utaratibu. Wakati wa radi ni salama zaidi kuizima na kuchomoa waya zake zote.

Tatu ni nakala. Diski mbili hazitoshi, kwa maana karani akifuta jina kwa bahati mbaya, litafutika kote kuwili. Na mwizi akija atachukua zote pamoja. Kila jioni nakala iwekwe katika diski ya nje, ifungwe kwa neno la siri, ikalale katika jengo jingine. Na kila mwezi ijaribiwe kufunguliwa, maana nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nzima.

Mwisho, tukumbuke mahali tulipo. Kipuri kisichopatikana Njombe wala Makambako kitaifunga ofisi kwa majuma. Seva isikae karibu na jiko la mkaa wala dirisha liingizalo ukungu. Na ikiletwa kutoka kwenye baridi kali, ingoje saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili unyevu ukauke.

Wazazi wetu walio katika kamati za vyama, muuzaji akiwasifia kasi ya mashine yake, mwulizeni kwanza: umeme ukikatika sasa hivi, mstari wa mwisho utakuwa wapi?