Wavuvi Ushongo: Mahudhurio peke yake si ushiriki

WAVUVI wa mwambao wa Tanga wana vikao vingi. Swali la kujiuliza ni je, ni vikao vingapi ambavyo mwanachama huona neno lake limefanyiwa kazi?

Swali hili ni zito kwa Ushongo, wilayani Pangani, kijiji kinachotazamana na Hifadhi ya Bahari ya Maziwe. Kisiwa hicho kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti yake ilikuwa imetoweka, na leo ni fungu la mchanga linalomezwa na maji yanapojaa. Tangazo peke yake halikukiokoa.

Mwaka 1994 Mkoa wa Tanga ulianza njia nyingine, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN. Wanavijiji waliulizwa kwanza matatizo yao. Walitaja baruti na kupungua kwa samaki. Baadaye walishiriki kukubaliana miamba ya kufungwa, na baadhi yao wakafundishwa kuikagua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo ikavipa nafasi vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU.

Kiuchumi, jambo lenyewe ni hili. Mwamba ukifungwa, mvuvi analipa gharama leo kwa kukosa kitoweo na fedha. Faida inakuja baadaye, tena inaweza kuvunwa na mgeni kutoka diko jingine. Hakuna anayebeba gharama hiyo kwa sababu tu alisaini karatasi ya mahudhurio na kupokea posho. Huibeba akiwa ameshiriki kuamua, na anawaamini wenzake.

Tuanze na ratiba. Kikao cha saa 4 asubuhi wakati wa bamvua kinawaacha nje akina mama wanaochokoa pweza, kwani ndiyo saa mwamba unapokauka. Mvuvi wa dagaa naye, aliyekesha baharini, amelala. Kisha tunalalamika kwamba wanachama hawana mwamko! Alasiri ya maji mafu, kabla vyombo havijatoka, ingewakuta wengi.

Pili, kikao kianze kwa kueleza yale yaliyosemwa mara iliyopita yamefikia wapi. Kama ombi limekataliwa, sababu itajwe. Mtu anayeuliza mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne hanyamazi kwa kuridhika, amekata tamaa.

Tatu, mapato na matumizi, pamoja na faini, yasomwe hadharani. Faini inayomkwepa ndugu wa kiongozi huvunja kanuni haraka kuliko nyavu haramu.

Hatua hizi hazihitaji mfadhili. Programu ile ya mkoa ilifikia mwisho mwaka 2007, lakini miamba ingali pale, na walinzi wake wa kila siku ni walewale wanaoitegemea. Wasikilizwe, nao wataitunza. Chombo kimoja, nahodha mmoja, lakini wapiga makasia wote wajue kinakokwenda.