UKIINUA GARI LAKO, PIMA PEMBE ZA PROPELA

Mvua ndefu ikishika, njia za skimu huwa tope tupu. Kama unakaa Kinangop, Ol Kalou, Lugari au po pote palipogawiwa wananchi mashamba katika mpango ulioanza mwaka wa 1962, unalijua jambo hili bila kuambiwa. Kabichi zimekatwa, viazi vimo katika magunia, maziwa yamo katika madebe, na pikapu inakwaruza tumbo kwenye tuta la katikati ya njia. Ndipo mkulima anakwenda kwa fundi na kumwambia, "Niinulie gari hili."

Fundi huongeza bledi za springi, au hutia bloku ya chuma baina ya springi na ekseli. Gari hupanda sentimita 5, na mwenyewe hurudi nyumbani na furaha. Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Gari huanza kutetemeka, krosi za propela hufa, mpya hufungwa, nazo hufa vile vile. Pesa za maziwa huishia katika duka la spea. Sababu mara nyingi si krosi mbaya. Sababu ni kwamba gari liliinuliwa, na pembe za propela hazikupimwa. Makala haya yatakuonyesha namna ya kuzipima wewe mwenyewe kabla ya kulipa mara ya pili.

KWANZA JIULIZE: JE, NINAHITAJI KUINUA?

Yafaa ujue kwamba springi zikiinuliwa, kinachopanda ni bodi na chasi tu. Difu haipandi hata kidogo, kwa sababu ekseli imebebwa na magurudumu. Kama kinachokwaruza tuta ni difu, bledi za springi hazitakusaidia. Difu hupanda kwa magurudumu makubwa zaidi peke yake. Tena bledi mpya haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Na gari lililoinuliwa, likipakiwa kabichi mpaka juu, hupinduka kwa urahisi zaidi penye mteremko wa kando. Basi kama springi zako zimechoka na kulala, huenda dawa ni kuzirudishia urefu wake wa kwanza tu, wala si kupita hapo.

KAZI YA KROSI

Propela hutoa nguvu katika giaboksi na kuipeleka kwenye difu ya nyuma. Kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka njiani, kila ncha ya propela ina kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Kiungo hiki ni cha zamani sana. Vitabu vya ufundi hukiita kwa jina la Mwitalia Gerolamo Cardano (1501–1576), au la Mwingereza Robert Hooke (1635–1703).

Krosi ina tabia moja ambayo kila mwenye gari yafaa aijue. Ikizunguka huku imepinda, haizungushi upande wa pili kwa mwendo ulio sawa. Huuharakisha na kuupunguza, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kwa mfano, krosi ikipinda digrii 20, upande wa kwanza ukienda mwendo wa 100, upande wa pili hushuka hadi 94 na kupanda hadi 106, kisha hurudia tena na tena.

Ndiyo sababu krosi ni mbili. Ya nyuma huondoa kosa la ile ya mbele, kama mizani: kilichozidi upande huu hupunguzwa upande ule. Lakini mizani hiyo hukaa sawa kwa masharti mawili. La kwanza, pembe ya mbele na pembe ya nyuma ziwe sawa. La pili, panda za propela, yaani zile uma zinazoshika krosi kila upande, ziwe zimelala katika mstari mmoja. Fundi akiichomoa propela katikati na kuirudisha huku ameruka meno machache, sharti la pili limevunjika. Kwa hiyo mwambie aweke alama ya rangi kabla hajafungua kitu.

DALILI ZA PEMBE MBAYA

Gurudumu lisilo na balansi hutikisa pole pole, na mara nyingi utausikia mtikiso katika usukani. Propela huzunguka mara kadhaa gurudumu linapozunguka mara moja tu. Kwa hiyo mtetemeko wake ni wa haraka kama mvumo, nawe huusikia sakafuni na katika kiti. Mara nyingi huzidi unapokanyaga mafuta, na hubadilika unapoyaachia. Dalili nyingine ni mgongo wa chuma, "ko!", unapobadilisha gia, na unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vya krosi. Ukiona unga huo usingoje. Krosi ikikatika njiani, propela yaweza kuchoma barabara na kulirusha gari, pamoja na watu waliopanda juu ya magunia.

NAMNA YA KUPIMA

Simamisha gari mahali palipo tambarare. Zima injini, vuta breki ya mkono, na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Gari lisimame juu ya magurudumu yake. Ukiliinua kwa jeki ekseli itaning'inia na vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Chombo cha kupimia huenda tayari kimo nyumbani. Simu nyingi za siku hizi zina programu ya pimamaji inayosoma digrii. Kama huna, chukua protrakta ya mtoto wa shule, funga uzi katikati ya mstari wake ulionyoka, na mwishoni mwa uzi tundika nati ndogo iwe timazi. Weka upande ulionyoka juu ya propela. Ikiwa propela imelala sawa, uzi utasoma 90. Kila digrii inayopita au kupungua 90 ni mwinamo.

Pima miinamo mitatu na uiandike: wa giaboksi pale inapotokea propela, wa propela yenyewe, na wa pua ya difu. Tofauti baina ya giaboksi na propela ni pembe ya mbele. Tofauti baina ya propela na difu ni pembe ya nyuma. Sasa shika kanuni hizi:

1. Pembe mbili zisitofautiane zaidi ya digrii 1.

2. Kila pembe isiwe chini ya nusu digrii. Sindano zilizo ndani ya vikombe vya krosi lazima zisogee. Zikikaa mahali pamoja huchimba mashimo.

3. Digrii 3 au pungufu ni nzuri sana. Propela inayozunguka mara 3,000 kwa dakika isipite karibu digrii 6.

Pima kabla ya kuinua, na upime tena baada ya kuinua. Pima gari likiwa tupu, kisha pima likiwa na mzigo wako wa kila siku, kwani bodi ikishuka pembe hubadilika. Kwa mkulima, hesabu ya mzigo ndiyo kubwa, kwa sababu hapo ndipo propela huvuta kwa nguvu.

MFANO WA HESABU

Tuchukue pikapu yenye propela ya kipande kimoja, urefu wake sentimita 115. Giaboksi imeinama kwenda nyuma digrii 3, propela digrii 6, na difu digrii 3. Pembe ya mbele ni 6 kutoa 3, yaani 3. Pembe ya nyuma ni 3 vile vile. Gari hili ni zima.

Sasa limeinuliwa sentimita 5 mbele na nyuma. Giaboksi na difu hazikugeuka, lakini propela imesimama zaidi, nayo sasa inasoma digrii 8.5. Pembe ni 5.5 mbele na 5.5 nyuma. Bado ziko sawa, lakini ni kali, na maisha ya krosi yamepungua.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu huona krosi ya nyuma imepinda, hutia kabari ya digrii 2.5 baina ya springi na ekseli, na kuinua pua ya difu hadi 5.5. Nyuma panapendeza macho, kwani pembe imerudi kuwa 3. Lakini mbele bado ni 5.5! Mizani imevunjika, na gari litatetemeka kuliko kwanza.

Njia iliyo bora ni kusahihisha ncha zote mbili. Teremsha kidogo kiti cha giaboksi kwa vipande vya chuma, mpaka giaboksi isome digrii 4. Propela nayo itashuka hadi karibu 7.5. Kisha tia kabari ya digrii 1 tu, difu isome 4. Sasa pembe ni karibu 3.5 mbele na 3.5 nyuma. Ukiteremsha giaboksi, hakikisha feni haigusi rejeta, na kwamba bomba la moshi na mti wa gia haviminywi. Kama gari lako huvuta kwa magurudumu manne, pima na propela ya mbele, kwa kuwa nayo imebadilika.

Kumbuka pia kwamba difu hunyanyua pua gari linapovuta mzigo. Kwa hiyo pua ikikaa chini kwa nusu digrii, au hata digrii 1, si kosa.

PROPELA YA VIPANDE VIWILI

Pikapu ndefu nyingi zina propela ya vipande viwili na beringi ya katikati iliyofungwa kwenye chasi. Hapa kipande cha kwanza chapasa kufuata karibu mstari wa giaboksi, kikiwa na pembe ndogo tu. Kisha pembe za krosi mbili za nyuma ziwe sawa. Kama gari linatikisika unapoondoka na mzigo, kisha linatulia likishika mwendo, anza kutazama beringi hii. Mara nyingi dawa ni kuiteremsha kwa vipande vya chuma vyenye unene sawa chini ya bolti zake mbili, huku ukipima kila mara.

MENGINE YA KUTAZAMA

Tazama mahali propela inapoteleza ndani ya mwenziwe. Gari likiinuliwa propela huvutwa, na meno yanayoshikana hupungua. Kama sehemu kubwa inayong'aa imetoka nje, fundi airefushe propela na kuipima balansi.

Usipandanishe bloku juu ya bloku. Kabari iwe ya chuma na ishikwe na senta-bolti. Yu-bolti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Tazama mipira ya breki isivutike. Pikapu nyingi pia zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Vali hiyo husoma mzigo kwa kutazama bodi iko juu kiasi gani. Ukiinua bodi, vali hudhani gari ni tupu, nayo hupunguza breki za nyuma hata ukiwa umejaza viazi. Usilichukue gari gereji kabla fimbo hiyo haijasahihishwa.

Basi, mkulima mwenzangu, ukienda kwa fundi nenda na karatasi yenye namba zako tatu za zamani, na usilipe mpaka umeandika tatu mpya kando yake. Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kupata mtu anayejua anachotaka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa propela huzibwa kwa protrakta na uzi, na hivyo vyote vimo katika mkoba wa mtoto wako.