Poda iliyookwa: Uso wenye mng'ao, si uso mweupe

MWANAMKE anayejipodoa asubuhi mjini Mayoni, Kaunti ya Kakamega, huwa na maadui watatu wa kukabiliana nao kabla ya saa sita mchana: jua, jasho na vumbi.

Kituo hiki cha biashara kiko katika eneobunge la Matungu, kwenye barabara ya kutoka Mumias kuelekea Bungoma, kaskazini kidogo tu mwa Ikweta. Kimezungukwa na mashamba ya miwa. Hewa yake ina joto na unyevu mwingi, na mvua inapokatika, trekta za miwa na bodaboda hutimua vumbi barabarani.

Katika mazingira ya aina hiyo, poda nzito iliyopakwa saa moja asubuhi huwa imechanganyika na jasho na kufanya michirizi kufikia adhuhuri. Uso huonekana kama uliopakwa majivu ilhali shingo imebaki na rangi yake ya asili. Hii ndiyo sababu poda iliyookwa inawafaa wengi. Hupakwa utando mwembamba, huiacha ngozi ionekane na huupa uso mng'ao wa kiasi.

Hata hivyo, manufaa hayo hupatikana tu ikiwa mtumiaji anaelewa poda hiyo ni nini, anachagua rangi inayolingana na ngozi yake na anaipaka kwa mkono mwepesi.

Poda iliyookwa ni nini?

Poda nyingi za kawaida zinazouzwa katika vikopo bapa hutengenezwa kwa kushindilia unga mkavu kwa mashine. Poda iliyookwa hupitia njia nyingine. Unga wa madini na rangi huchanganywa na maji au mafuta kidogo hadi uwe rojo. Rojo hilo huwekwa juu ya vigae vidogo vya udongo, kisha hukaushwa polepole ndani ya tanuri kwa moto wa chini, mara nyingi kwa muda wa saa 24 hivi. Viwanda vya Italia vinasifika mno kwa kazi hii.

Inapotoka tanurini, poda huwa imetuna katikati mithili ya kitumbua. Miongoni mwa viungo vyake vikuu ni maika, madini yenye vigamba vyembamba vinavyorudisha mwanga. Vigamba hivyo ndivyo vinavyofanya uso umetemete kidogo unapogeuka, badala ya kuonekana mkavu na uliofifia.

Wazo la kulowesha unga ndipo upakwe usoni si geni Afrika Mashariki. Wanawake wa Pwani na visiwani wamekuwa wakisaga msandali juu ya jiwe na kuuchanganya na maji ya waridi ili kupata liwa, ambayo hupakwa usoni ikakauka na kuacha ngozi nyororo yenye harufu nzuri.

Jina linalopotosha

Neno 'kuoka' limezua mkanganyiko wa aina mbili, na mmoja wake ni wa hatari.

Wa kwanza unahusu mtindo unaoitwa kuoka uso. Katika mtindo huo, poda laini isiyoshindiliwa hurundikwa chini ya macho na kwenye kidevu, ikaachwa dakika 5 hadi 10 ili joto la ngozi liishikize, kisha ikapanguswa. Mtindo huu ulianza kwa waigizaji wa jukwaani waliohitaji uso usioyeyuka chini ya taa kali, na ukaenea kwa kasi duniani katika miaka ya 2010 kupitia picha za watu mashuhuri wa Marekani. Ni mtindo wa poda nyingi, ambao lengo lake ni kinyume cha uso wa asili.

Mkanganyiko wa pili ni ule wa kudhani kwamba unga wa kuumulia keki, au magadi ya kupikia, ndiyo poda inayozungumziwa. Unga huo haufai usoni kamwe. Ngozi yenye afya huwa na asidi kidogo, na kiwango chake cha pH ni takriban 5. Magadi ya kupikia yana pH inayozidi 8, hivyo huivuruga kinga hiyo ya ngozi na kuiacha ikiwa kavu, yenye mwasho na rahisi kudhurika. Anayekwenda dukani sharti aulize poda ya uso iliyookwa, na aitafute kwenye rafu ya vipodozi.

Kuchagua rangi

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa miaka mingi, poda zilizofika katika masoko ya Afrika zilikuwa za rangi chache, nyingi zikiwa zimetengenezewa ngozi nyeupe. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Somalia aliyegunduliwa mwaka wa 1975 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipofika Marekani aliulizwa na mpambaji iwapo alikuwa amebeba krimu yake mwenyewe ya usoni, kwa kuwa hapakuwa na inayomfaa. Mwaka wa 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi vya wanawake wenye ngozi za rangi mbalimbali.

Hali imebadilika tangu wakati huo. Fenty Beauty ya mwanamuziki Rihanna ilianza mwaka wa 2017 ikiwa na krimu za msingi za rangi 40, na ikaanza kuuzwa rasmi nchini Kenya mwaka wa 2022. Humu nchini, mpambaji Suzie Wokabi alianzisha Suzie Beauty akiwalenga wanawake wa Kiafrika, na mwaka wa 2016 kampuni hiyo ikanunuliwa na Flame Tree. Kwa hivyo, hakuna tena sababu ya mwanamke mweusi kujilazimisha kutumia poda isiyo yake.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi. Poda ijaribiwe kwenye mstari wa taya, mahali uso unapokutana na shingo, wala si nyuma ya kiganja, kwa maana rangi ya mkono na ya uso hutofautiana. Kisha mnunuzi atoke nje ya duka na kujitazama kwa kioo katika mwanga wa mchana, kwani taa za dukani hudanganya. Poda inayofaa ni ile inayotoweka machoni. Ikionekana nyeupe au ya kijivujivu, hiyo si yake, hata kama bei yake inavutia.

Ni muhimu pia kutazama rangi iliyojificha ndani ya ngozi. Baadhi ya ngozi nyeusi huelekea wekundu, nyingine umanjano, na nyingine huwa katikati. Wawili wenye weusi unaolingana wanaweza kuhitaji poda tofauti.

Hatua za kupaka

Kwanza, uso uoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha ukaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, si kwa kusugua.

Pili, ipakwe losheni nyepesi ya kulainisha ngozi. Poda hung'ang'ania sehemu zilizokauka na kuzifanya zionekane kama magamba, ndiyo sababu hatua hii hairukwi hata na mwenye ngozi ya mafuta. Inayofuata ni losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi. Poda peke yake haitoshi kuukinga uso na miale ya jua. Baada ya hapo ni vyema kusubiri dakika 5 hadi 10 ili ngozi ifyonze mafuta hayo. Poda ikipakwa juu ya losheni mbichi hufanya mabonge.

Tatu, mwenye madoa anaweza kuyafunika kwa krimu kidogo, hasa pale penye doa tu. Asiye na madoa hana haja ya krimu ya msingi, na poda itamtosha.

Nne, brashi pana yenye nywele laini izungushwe taratibu juu ya poda, kisha ikung'utwe ukingoni mwa kopo ili unga wa ziada uanguke. Hatua hii ya kukung'uta ndiyo hutenganisha uso wa asili na uso wa chokaa.

Tano, upakaji uanzie katikati ya uso, yaani kwenye paji, pua na kidevu, ambako mafuta hutoka kwa wingi. Kutoka hapo brashi isogezwe kuelekea nje kwa miduara midogo, ikipungua poda kadiri inavyokaribia masikio na taya. Chini ya macho pahitaji kiasi kidogo mno, kwani poda ikizidi hujikusanya kwenye mikunjo na kumzeesha mtu. Mwishowe brashi ipitishwe shingoni kwa wepesi, ili kusiwe na mpaka.

Anayetaka mng'ao zaidi anaweza kutumia poda yenye maika nyingi kwenye mifupa ya mashavu na mgongo wa pua pekee. Poda nyingi zilizookwa hukubali pia sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa, ambayo hutoa rangi iliyokolea zaidi. Mwenye ngozi ya mafuta asiipake poda ya kumetameta kwenye paji la uso. Kwa joto la Mayoni, baada ya saa mbili hakuna atakayetofautisha mng'ao huo na jasho.

Jasho na kamera

Uso unapoanza kulowa mchana, wengi hukimbilia kuongeza poda. Hilo ni kosa, kwa kuwa poda mpya juu ya jasho hugeuka tope. Inafaa kwanza karatasi ya shashi igandamizwe polepole usoni ili ifyonze jasho na mafuta, ndipo poda kidogo iongezwe palipo na haja.

Kwa wanaojiandaa kwa arusi au sherehe nyingine, kuna tahadhari ya ziada. Baadhi ya poda zina silika au titani dioksidi kwa wingi, viungo vinavyorudisha mwanga mkali wa kamera. Mtu huonekana vizuri machoni, lakini picha zikitoka uso huwa na mabaka meupe. Dawa yake ni kupiga picha ya majaribio kwa taa ya kamera siku kadhaa kabla ya sherehe.

Poda iliyookwa pia huvunjika kwa urahisi. Anayesafiri nayo kwa bodaboda anafaa kuweka kipande cha pamba kati ya poda na kifuniko.

Usalama wa ngozi

Poda bandia ni hatari kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Bidhaa halali huwa na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji na nambari ya toleo. Huwa pia na picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye maandishi kama 12M au 24M, yaani miezi inayofaa kutumika baada ya kufunguliwa. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje hutakiwa kuwa na kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Jambo zito zaidi ni kuchanganya kung'aa na kujichubua. Krimu za kubadilisha rangi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini Kenya, lakini bado hupenyezwa sokoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeonya kwamba zebaki iliyo katika krimu hizo hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Poda yoyote inayouzwa kwa ahadi ya kumfanya mtu awe mweupe iepukwe.

Kuna pia suala la talki, madini laini yanayotumika katika poda nyingi, zikiwemo za watoto. Mwezi Julai 2024, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliainisha talki kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Johnson & Johnson nayo iliacha kuuza poda ya watoto yenye talki kote duniani mwaka wa 2023. Anayetaka kuiepuka asome orodha ya viungo, na kwa vyovyote vile poda isipeperushwe karibu na pua au mbele ya mtoto mchanga.

Brashi haipaswi kuazimwa, hata kati ya ndugu, kwa sababu hueneza vijidudu vya ngozi na macho. Ioshwe kwa sabuni mara moja kwa wiki na ikaushwe ikiwa imelazwa. Usiku nao, poda yote iondolewe kabla ya kulala. Vumbi, jasho na poda vikikesha usoni huziba vinyweleo na kuleta chunusi, nazo chunusi humlazimu mtu kuongeza poda kesho yake.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mng'ao mwingi hutokana na ngozi iliyooshwa, iliyolainishwa na iliyokingwa dhidi ya jua. Kazi ya poda ni kuuonyesha, na kwa hilo kiasi kidogo chenye rangi ya mwenyewe kinatosha.