Programu za kukuza biashara mitandaoni: Zipo za kujenga, zipo za kubomoa

MFANYABIASHARA mdogo wa siku hizi aghalabu huwa na vibanda viwili. Cha kwanza kiko Gikomba, Kongowea au Kibuye. Cha pili kimo ndani ya simu yake, ambako wateja hupita usiku na mchana bila kubisha hodi.

Kibanda hiki cha pili hakilipiwi kodi ya pango, lakini kina gharama yake, nayo ni muda. Mshonaji anayeshinda kwenye cherehani hana nafasi ya kupiga picha, kuandika maelezo, kuyaweka katika Facebook na Instagram, kisha kuwajibu watu thelathini wanaouliza bei.

Ndiposa zimezuka programu za tarakilishi na za simu zinazoahidi kumpunguzia mzigo huo. Baadhi humsaidia kupanga kazi yake. Nyingine humwahidi wafuasi elfu kumi kwa juma moja.

Zote hujitangaza kwa neno lile lile, "kukuza", ilhali tofauti iliyopo ni kama ya mbolea na dawa ya kuua magugu. Zote huuzwa katika duka moja la pembejeo, lakini ole wake atakayekosea mkebe.

Kazi ya programu halali

Programu halali ya kusimamia mitandao ya kijamii hufanya kazi tatu. Mosi, humwezesha mwenye biashara kuandaa machapisho yake mapema na kuyapangia siku na saa ya kutoka. Pili, hukusanya mahali pamoja maoni na ujumbe kutoka kurasa zake zote. Tatu, humwekea hesabu ya watu waliofikiwa na yale waliyofanya.

Wazo hili si geni. Hootsuite ilianzishwa jijini Vancouver, Canada, mnamo 2008, na Buffer ikafuata nchini Uingereza mnamo 2010. Kampuni ya Meta, iliyojulikana kama Facebook hadi Oktoba 2021, nayo hutoa Meta Business Suite, programu isiyolipiwa ya kusimamia kurasa za Facebook na Instagram.

Kwa anayeanza, hiyo isiyolipiwa inatosha. Hana haja ya kulipia nyingine kabla ya kujua anakosa nini.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa sare za shule. Anajua kwamba wazazi wataanza kuulizia sare mwishoni mwa mwaka, kabla ya shule kufunguliwa Januari. Jumapili moja alasiri anaweza kuketi kwa saa mbili akaandaa machapisho manane: picha ya mshono wake kwa karibu, orodha ya bei, maelezo ya namna ya kumpima mtoto nyumbani, siku ya mwisho ya kupokea oda na mengineyo. Programu itayatoa moja baada ya jingine kwa majuma manne, huku yeye akiendelea na ushonaji.

Hata hivyo, awe mwangalifu na saa. Programu nyingi huhesabu saa kwa mtindo wa kimataifa, hivyo saa moja jioni huandikwa 19:00. Fauka ya hayo, lazima ahakikishe kuwa programu inafuata majira ya Afrika Mashariki. La sivyo, tangazo lililokusudiwa kuwafikia wazazi baada ya kazi litatoka wakiwa usingizini.

Baadhi ya programu hizi sasa hutumia akili unde kupendekeza maelezo ya picha. Mapendekezo hayo yafaa kuchukuliwa kama rasimu tu. Mashine haijui kwamba kitambaa cha buluu kimekwisha dukani, wala kwamba bei ya vifungo imepanda tangu juzi.

Hesabu inayofaa kutazamwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Manufaa makubwa ya programu hizi hayamo katika kutuma matangazo, bali katika daftari zinazoliweka. Tatizo ni kwamba wengi hutazama ukurasa mmoja tu wa daftari hilo, ule wenye idadi ya wafuasi.

Tuseme duka la kwanza lina wafuasi 10,000, na chapisho lake likashughulikiwa na watu 50, ama kwa kulipenda, kutoa maoni au kuuliza bei. Hiyo ni asilimia 0.5. Duka la pili lina wafuasi 800, na chapisho lake likashughulikiwa na watu 64. Hiyo ni asilimia 8. Mpita njia atalisifu duka la kwanza, lakini lenye watu hai ni la pili.

Hatua inayofuata ni kuuliza: kati ya hao 64, wangapi waliulizia bei, na wangapi walinunua? Swali la mwisho programu haiwezi kulijibu peke yake. Muuzaji hana budi kumuuliza kila mnunuzi alikojulia habari za duka, na kuandika jibu. Baada ya miezi mitatu atajua ni aina gani ya chapisho iliyomletea fedha, na ni ipi iliyomletea sifa tupu.

Kwa nini wafuasi bandia hudhuru

Wapo wanaodhani kwamba kununua wafuasi ni urembo tu usio na madhara. La hasha. Mitandao hii haimwonyeshi kila mfuasi kila chapisho. Hukadiria ni yapi yatakayomvutia mtu, na mojawapo ya dalili zinazotumiwa ni jinsi watu wanavyoyashughulikia machapisho.

Januari 2018, mwanzilishi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alitangaza kuwa mtandao huo ungetoa kipaumbele kwa machapisho ya jamaa na marafiki badala ya yale ya biashara na vyombo vya habari. Tangu hapo, ukurasa wa biashara usiozungumza na watu wake umekuwa na kazi ngumu ya kuonekana.

Sasa fikiria ukurasa ambao tisa kati ya kila wafuasi kumi ni akaunti zisizo na mtu. Hawapendi, hawaulizi, hawanunui. Kila tangazo huonekana kama lililopuuzwa, na wateja halisi wachache waliopo huweza kukosa kuliona. Mwenye duka amelipa fedha zake ili afichwe. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini halipiki ugali.

Roboti na mwisho wake

Aina nyingine ya programu haiuzi wafuasi moja kwa moja. Huingia katika akaunti ya mfanyabiashara na kutenda kwa jina lake: hufuata mamia ya watu asiowajua, husubiri wamfuate, kisha huwaacha. Huacha pia maoni ya jumla kama vile "Picha nzuri sana!" popote ipitapo, hata chini ya tangazo la tanzia.

Programu mashuhuri ya aina hiyo, Instagress, ilifungwa Aprili 2017 baada ya Instagram kuitaka isitishe huduma zake. Novemba 2018, Instagram ilitangaza kwamba ingeanza kuondoa wafuasi na ishara za kupenda zilizopatikana kupitia programu za namna hiyo. Aprili 2019, Facebook iliwashtaki katika mahakama ya Marekani watu na kampuni ya New Zealand kwa madai ya kuuza ishara bandia za kupenda na wafuasi wa Instagram.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha kampuni ya Devumi ya Marekani. Januari 2018, gazeti la The New York Times lilifichua jinsi kampuni hiyo ilivyouza wafuasi bandia, baadhi yao wakiwa akaunti zilizonakili majina na picha za watu halisi wasiokuwa na habari. Januari 2019, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitangaza makubaliano na kampuni hiyo yaliyoipiga marufuku biashara hiyo. Kufikia mwaka wa 2024, tume ya Marekani ya kusimamia biashara ilikuwa imepitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua wafuasi bandia kwa lengo la kuwahadaa watu kibiashara.

Mfanyabiashara wa Kisumu au Malindi huenda asifikiwe na mahakama za Marekani. Lakini akaunti yake imo katika nyumba ya mwenyewe, na mwenye nyumba akiamua kuifunga, huenda picha na mazungumzo ya wateja ya miaka mingi yakaenda nayo.

Mlango wa mbele na dirisha la nyuma

Utaitambuaje programu salama? Dalili ya kwanza ni namna inavyoingia katika akaunti yako.

Programu halali hupitia mlango wa mbele. Ukiiunganisha na ukurasa wako, hukupeleka katika tovuti ya Facebook au Instagram yenyewe, ambako unaingia na kuulizwa iwapo unairuhusu kufanya mambo fulani: kuchapisha, kusoma takwimu, kujibu maoni. Ukikubali, mtandao huipa ufunguo wa kazi hizo tu. Neno lako la siri halifiki mikononi mwake, na unaweza kuunyang'anya ufunguo huo siku yoyote kupitia mipangilio ya akaunti yako.

Programu ya kutiliwa shaka hupitia dirisha la nyuma. Hukuomba uandike neno la siri katika ukurasa wake yenyewe. Kufanya hivyo ni sawa na kumkabidhi kibarua wa siku moja funguo za duka, kitabu cha benki na kitambulisho chako. Anaweza kubadilisha kufuli ukiwa umelala, kisha akatumia jina lako kuwaomba wateja watume malipo kwa nambari ya simu isiyo yako.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia programu yoyote, jiulize maswali manne. Je, inataka neno langu la siri? Je, inaahidi idadi maalumu ya wafuasi kwa muda maalumu? Je, inatenda kwa jina langu bila mimi kuona? Je, naweza kuiondoa na kubaki na ukurasa wangu? Likipatikana "ndiyo" katika maswali matatu ya kwanza, au "la" katika la nne, afadhali uiache.

Aidha, washa ulinzi wa hatua mbili, ili anayejaribu kuingia kwa simu au tarakilishi ngeni aombwe nambari ya siri inayokufikia wewe peke yako.

Sheria ya hapa nyumbani

Zipo pia programu zinazokusanya nambari za simu na anwani za barua pepe za watu kutoka mitandaoni ili mfanyabiashara awatumie matangazo. Hapa sheria ya Kenya ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia data za mtu kwa manufaa ya kibiashara bila idhini yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

Si tishio la maandishi tu. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Mshonaji aliyetajwa hapo juu, akitaka kuonyesha picha ya mtoto aliyevaa sare mpya, hana budi kwanza kupata ruhusa ya mzazi. Asipoipata, picha ya sare ikiwa imetundikwa itauza vilevile.

Daftari lisilozimika

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kote ulimwenguni kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na wateja wake wote humo hakuwa na njia ya kuwafikia.

Somo ni kwamba wafuasi hukaa katika ardhi ya wengine. Mwenye busara huwaomba wale walionunua kwake idhini ya kuhifadhi nambari zao, kisha huziandika mahali pake mwenyewe, hata kama ni katika daftari la karatasi linalofungiwa kabatini. WhatsApp Business, iliyozinduliwa Januari 2018, humsaidia kuonyesha orodha ya bidhaa na kuwajibu watu. Lakini ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya wengi, utawafikia tu waliohifadhi nambari yako katika simu zao. Basi waombe waihifadhi siku wanaponunua.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wazee. Siku hizi hata chema hakina budi kuonekana kwanza, na programu nzuri husaidia kionekane kwa mtu anayekihitaji, saa anayokihitaji. Haiwezi kushona sare iliyonyooka, kupokea simu kwa adabu wala kurudisha chenji kamili. Mwisho wa mwezi ukifika, fungua takwimu za programu upande mmoja na daftari la mauzo upande wa pili. Iwapo wafuasi wameongezeka na mauzo hayakusonga, usiongeze wafuasi. Tafuta kwanza kwa nini waliopo hawanunui.