Goti limetoboka gegedu? Kisu kipo, lakini magongo ni yako!

UMEANGUKA uwanjani, goti likavimba kama boga. Mtaani kila mtu daktari: huyu anasema kanda maji ya moto, yule ana fundi wake wa kuchua. Wiki zinakatika, goti linakwama, ngazi hupandi. Jamani, hapo si pa kuchua tena! Huenda gegedu limebanduka.

Gegedu ni kitu gani? Ni kama kile cheupe unachotafuna kwenye ncha ya kidari cha kuku. Linafunika ncha za mifupa isisagane. Ubaya wake halina mishipa ya damu, hivyo likichimbika halijizibi kama kidonda cha ngozi.

Daktari akiona upasuaji unafaa, zipo njia tatu kubwa. Shimo likiwa dogo, anatoboa vitundu kwenye mfupa ili damu na uboho vitoke, vigande, viote vya kuziba. Lakini kinachoota si imara kama gegedu la asili.

Njia ya pili, anachomoa vipande vya gegedu pamoja na mfupa wake pembeni mwa goti pasipobeba uzito sana, anavipachika shimoni kama fundi wa vigae.

Ya tatu ni ya shimo kubwa. Seli zako zinachukuliwa, zinaoteshwa maabara wiki kadhaa, kisha unarudi kupasuliwa mara ya pili. Madaktari wa Sweden waliitangaza mwaka 1994. Bei yake, si mchezo!

Sasa sikia ya wacheza kikapu wa Marekani. Jason Kidd alitobolewa mfupa mwaka 2004, akarudi, na mwaka 2011 akatwaa ubingwa wa NBA na Dallas. Greg Oden alifanyiwa hivyo hivyo mwaka 2007, akakosa msimu mzima, na magoti yakamrudisha tena kwenye kisu. Upasuaji ule ule, bahati mbalimbali.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujasaini, muulize daktari: shimo lina ukubwa gani? Goti zima limechakaa kwa uzee? Maana hapo njia hizi kwa kawaida hazifai. Magongo wiki ngapi? Mara nyingi ni kama sita, na michezo ni miezi kadhaa. Kama wewe ni konda au mama lishe, jipange nani atashika kazi. Ukikanyaga mapema, usimlaumu daktari!