Almasi Isiyovaliwa Kidoleni

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, alisema ni uchovu tu. Ulipozidi, majirani wakasema ni pombe, ilhali mzee hakuwahi kuigusa. Baadaye hatua zake zikawa fupi, uso ukakosa tabasamu na vifungo vya shati vikamshinda. Hapo ndipo maneno ya uchawi yalipoingia nyumbani kwetu. Mbuzi wawili wakaenda kwa mganga, na shangazi yangu akaacha kusalimiana na jirani yake wa miaka mingi. Ilipita miaka minne mpaka daktari mmoja alipomtazama anavyotembea, akamwambia afungue na kufunga vidole, kisha akatutajia jina la maradhi: ugonjwa wa Parkinson.

Akapewa dawa iitwayo levodopa, akapata nafuu kubwa. Baada ya miaka kadhaa ya kuitumia, mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe, jambo ambalo huwapata wengi wanaotumia dawa hiyo kwa muda mrefu. Daktari akaongeza dawa ya pili, amantadini. Binti yangu, anayesoma kemia, alipoliona jina hilo kwenye kikasha akasema, "Babu, ndani ya dawa hii mna kipande cha almasi." Baba mdogo akacheka, akajibu, "Basi tuiuze, mjukuu wangu, tununue cherehani mpya."

Tulicheka sote. Lakini binti yangu hakuwa anatania. Katika mazungumzo ya wiki hii nataka niwaeleze almasi hiyo ni ya namna gani, ilipatikana wapi, na imefikaje ndani ya dawa ya mzee.

Kwanza tujiulize almasi ni kitu gani. Almasi ni kaboni tupu. Kaboni hiyo hiyo imo katika makaa ya jikoni, katika masizi ya sufuria na katika ile risasi nyeusi ya penseli. Kinachotofautisha ni mpangilio wa atomu zake. Katika risasi ya penseli kila atomu imeshikana na wenzake watatu, zikawa matabaka kama kurasa za kitabu, na matabaka hayo huteleza. Ndiyo maana penseli huacha alama kwenye karatasi. Katika almasi kila atomu imeshikana na wenzake wanne, kila upande, juu na chini. Hakuna tabaka la kuteleza. Ndiyo sababu ya ugumu wake.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54, ambayo alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipofunga ndoa mwaka huo. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe lile lilikuwa na gramu 11 hivi. Idadi ya atomu za kaboni ndani yake huandikwa kwa tarakimu 24. Tuseme tunaligawa jiwe kama hilo, tunaligawa tena na tena, mpaka tubaki na kipande kidogo kabisa ambacho bado kina umbo la almasi. Tutabaki na atomu 10 tu za kaboni, zimeshikana kama fito za tenga la kuku. Mikono yao iliyobaki wazi kwa nje itashikwa na atomu 16 za haidrojeni. Kitu hicho ndicho wanakemia wanachokiita adamantani.

Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki, adamas, maana yake kisichoshindika. Hata neno letu almasi, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake inarudi kwenye neno hilo hilo. Kwa hiyo jiwe la Mwadui na dawa ya baba mdogo ni ndugu kwa umbo na kwa jina pia.

Udogo wake ni wa kustaajabisha. Upana wa unywele mmoja wa binadamu ni kama nanomita 80,000. Tenga moja la adamantani halifiki hata nanomita moja.

Mtu akikuonyesha adamantani, hutadhani ni almasi. Ni chengachenga nyeupe, zenye harufu kama ya kafuri, ile ambayo watu wa pwani huiita karafuumaiti. Na kama kafuri, ukiiacha wazi hupungua na kugeuka mvuke pasipo kuyeyuka kwanza. Haikwaruzi kioo. Kila tenga peke yake ni imara mno, lakini tenga na tenga hazijafungwa pamoja, zimewekwa tu bega kwa bega, na kwa hiyo chenga zake ni laini.

Uimara wa tenga lenyewe tunauona tukiliweka kwenye moto. Katika mafuta ya taa mna kitu kiitwacho dekani, nacho kina atomu 10 za kaboni kama adamantani. Lakini kaboni za dekani zimejipanga mstari kama shanga kwenye uzi, nayo ni maji maji siku zote hapa kwetu. Adamantani haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 270 za Selsiasi. Idadi ya kaboni ni ile ile. Kilichobadilika ni namna zilivyoshikana.

Je, nani alikiona kitu hiki kwanza? Mwaka 1933 wanakemia wawili wa Chekoslovakia ya wakati ule, Stanislav Landa na Vladimír Macháček, walikikuta ndani ya mafuta ghafi yaliyotoka Hodonín, katika jimbo la Moravia. Mafuta ghafi hukaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, yakipikwa na joto la huko. Molekuli dhaifu hukatika vipande vipande. Zenye umbo la almasi huvumilia. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mafuta huzitumia kama ushahidi: wakikuta nyingi kuliko kawaida, wanajua kwamba mafuta yale yameungua sana huko chini.

Wachimbaji wa gesi hawazipendi kila mara. Katika baadhi ya visima virefu gesi hupanda juu ikiwa imezibeba. Ikifika mahali penye joto na mgandamizo mdogo, zinaganda ndani ya mabomba kama ukoko wa wali, mpaka bomba linaziba.

Kwa miaka mingi adamantani ilikuwa kitu cha kutazamwa maabara tu. Mwaka 1941 mwanakemia Vladimir Prelog aliweza kuitengeneza mwenyewe, lakini kwa njia ndefu iliyomwachia kiasi kidogo mno. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1957 huko Marekani, kwa bahati njema. Paul Schleyer, wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa akichunguza jambo jingine. Alichanganya kitu kinachotokana na mafuta ya petroli pamoja na kloraidi ya alumini, akakuta chenga nyeupe asizozitarajia. Zilikuwa adamantani. Kuanzia hapo ikawa rahisi kuipata kwa wingi na kwa gharama nafuu.

Ndipo watengenezaji wa dawa walipoivamia. Waliondoa haidrojeni moja, mahali pake wakaweka naitrojeni yenye haidrojeni mbili, wakapata amantadini. Mwaka 1966 Marekani iliruhusu itumike kuzuia homa ya mafua. Virusi vya mafua ya aina A vina kijitundu ambacho lazima kipitishe asidi ili virusi vifunguke ndani ya chembe ya mwili na kuanza kuzaana. Tenga la almasi linakaa sawasawa katika kijitundu hicho na kukiziba, kama gunzi linavyoziba mdomo wa kibuyu.

Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, hakuna aliyewaza habari ya wagonjwa wa kutetemeka. Aliyelifungua jambo hili hakuwa profesa, alikuwa mgonjwa. Mwaka 1968 mwanamke mmoja wa Marekani mwenye umri wa miaka 58, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, alimeza amantadini ili asipate mafua. Aliona mwili unalegea ule ukakamavu na kutetemeka kunapungua. Alipoacha dawa, hali ikarudi kuwa mbaya. Akamweleza daktari wake. Naye Dakta Robert Schwab, wa Boston, hakumwambia kwamba ni mawazo yake tu. Yeye na wenzake waliwajaribia dawa hiyo wagonjwa 163, na mwaka 1969 wakatangaza kwamba wapatao theluthi mbili walipata nafuu. Mwaka 2017 Marekani ilipitisha amantadini ya kutolewa polepole mwilini, mahsusi kwa kule kujinyonganyonga kunakoletwa na levodopa. Ndilo tatizo lililompata baba yangu mdogo.

Wengine wa ukoo huo wa almasi wamefuata. Memantini, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, hupewa wazee wenye maradhi ya kusahau yaitwayo Alzheimer. Vildagliptini na saksagliptini hutumika kwa kisukari cha aina ya pili. Zote zimebeba lile lile tenga la kaboni 10. Tenga hilo halipendi maji, linapenda mafuta, na halipindi umbo lake. Kwa hiyo husaidia dawa kupita mahali pagumu na kukaa barabara inapotakiwa.

Kuna na matenga makubwa zaidi, yaliyounganishwa mawili, matatu, manne na kuendelea. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya mafuta ya Chevron, Jeremy Dahl na wenzake, walitangaza kwamba wameyatenga makubwa yake kutoka kwenye mafuta ghafi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa habari za kuyatumia matenga hayo kusuka waya wa umeme ambao kiini chake kina upana wa atomu tatu tu. Hayo bado ni mambo ya maabara.

Lakini hadithi hii ina upande wa uchungu nao. Ile kazi ya kwanza ya amantadini, ya kuzuia mafua, imekwisha. Virusi vilibadili kile kijitundu, gunzi likawa halizibi tena. Katika majira ya mafua ya 2005 na 2006, virusi vya kundi la H3N2 vilivyopimwa Marekani vilionekana kuishinda dawa hiyo kwa zaidi ya tisa katika kila kumi, na Januari 2006 madaktari wa huko wakaambiwa waache kuitumia kwa mafua. Dawa haikuharibika, adui ndiye aliyejifunza. Kwa hiyo mtu akikuuzia amantadini dukani akidai inatibu mafua, ujue unanunua jina tu. Na yule anayeitumia kwa Parkinson asiiongeze, wala asiiache ghafla bila daktari. Inaweza kuvimbisha miguu, na wazee wengine huwafanya waone vitu visivyokuwapo.

Ndugu wasikilizaji, nirudi nyumbani. Katika miaka ya 2000 watafiti walipita kijiji kwa kijiji katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Katika watu wapatao 161,000 waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Nikisoma habari hiyo namkumbuka baba mdogo katika ile miaka minne: mbuzi wawili, jirani aliyenuniwa bure, na mkono uliofichwa mfukoni ili watu wasiuone. Dawa ilikuwapo duniani muda wote ule. Iliyokosekana ni safari moja ya hospitali, na mtu wa kusema wazi, "Mkono wangu unatetemeka."

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama wa Marekani hakuficha. Aliona badiliko mwilini mwake akalisema, na daktari akamsikiliza, na kwa maneno yao mawili watu wengi wamepata nafuu mpaka leo. Kama nyumbani kwako yuko mzee ambaye mkono wake unatetemeka ukiwa umetulia, hatua zake zimefupika na mwandiko wake umekuwa mdogo, usiulize kwanza nani amemroga. Mpeleke akaonwe na daktari. Na akipewa dawa, mwangalieni, kisha mkaeleze kila mnachokiona, kizuri na kibaya.

Baba mdogo hajapona, kwa maana ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuuondoa. Hashoni tena nguo za watu. Lakini Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa barazani, shati amelifunga vifungo vyote mwenyewe. Akaninyooshea kidole kitupu, kisicho na pete, akasema, "Mwambie mjukuu wangu, almasi yake ninayo."